Leseni Si Kazi: Njia za Rubani Mpya



Wakati wa mapumziko, mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita alitupasha habari: baba yake anataka kuuza parsele, ili yeye akasome kuendesha ndeke akiisha kupata diploma ya Serikali. Wengi walipiga makofi: "Piloti! Piloti!" Lakini mwingine alinyamaza. Kaka yake alirudi na leseni miaka mitatu iliyopita, na mpaka leo anauza uniti za simu sokoni. Njo sababu tumeona vema kueleza jambo hili.

Kwanza tujue kwamba rubani anahesabiwa kwa masaa ya kuruka. Shirika la mataifa la usafiri wa anga, lenye makao Montreal, limeweka kanuni. Leseni ya mtu binafsi inaomba masaa 40, lakini kwa hiyo hulipwi mshahara. Leseni ya biashara inaomba masaa 200, ao 150 kwa masomo ya mfululizo katika chuo kilichokubaliwa, na umri wa miaka 18. Leseni ya juu, ya kuwa kapiteni wa ndeke kubwa, inaomba masaa 1,500 na miaka 21.

Basi mwenye masaa 200 ni rubani kweli mbele ya sheria. Lakini kati ya 200 na 1,500 kuna mto, na wengi wanabaki ukingoni. Kampuni nyingi zinataka mtu aliyekwisha kuruka sana. Kule Marekani, ndeke ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo mwaka 2009, wakafa watu 50. Sheria ya 2010 ikafuata, na tangu 2013 hata rubani msaidizi anaombwa kwa kawaida masaa 1,500.

Mto huo unavukwaje? Tumeona njia tatu.

Ya kwanza ni kufundisha. Ukiongeza kibali cha mwalimu, masaa unayoruka pamoja na mwanafunzi yanahesabiwa kwako pia. Kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, ziko shule za namna hii.

Ya pili ni ndeke ndogo, kama Cessna Caravan yenye injini moja. Kule Kenya na Tanzania zinapeleka watalii mbugani. Kwetu, upande wa Kivu na Maniema, ndeke ndogo zinafika pahali lori haliwezi kufika. Hapo mtu anajifunza mvua, milima na viwanja vifupi. Lakini angalisho: asikubali hata siku moja kurusha ndeke iliyozidishwa mizigo kwa sababu tu anatafuta masaa. Wandugu wa MAF nao wanaruka katika inchi yetu tangu miaka ya 1960, lakini viwanja vya misioni ni vigumu, si pahali pa mwanzo.

Ya tatu ni kuchaguliwa na kampuni tangu mwanzo. Ethiopian Airlines ina chuo chake Addis Ababa. Mtihani wa kuingia ni mkali, lakini anayefundishwa kwa ajili ya kampuni anajua anakokwenda.

Tusisahau kwamba kampuni nazo zinakufa. Air Zaïre ilifilisika mwaka 1995. Congo Airways ilianza kuruka 2015, na Air Congo Desemba 2024. Tena kila aina ya ndeke kubwa ina mafunzo yake ya pekee. Pengine kampuni inayalipa, pengine inakuambia ulipe wewe.

Kwa hiyo, mbele ya kuuza kitu, tunashauri hivi:

1. Nenda kwanza kwa daktari aliyekubaliwa kupima marubani. Kuvaa miwani peke yake hakukatazi, lakini kuna magonjwa yanayofunga mlango. Heri kujua sasa kuliko nyuma ya kulipa.

2. Jifunze Kiingereza. Tangu 2008, rubani wa safari za kimataifa anapaswa kufika daraja la 4 kati ya 6. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa tusilale.

3. Uliza chuo: bei ina masaa mangapi ndani? Wanafunzi wa mwaka uliopita wako wapi? Je, leseni yake inakubaliwa Kinshasa?

4. Hesabu pia feza za kuishi wakati wa kutafuta masaa, si feza za chuo tu.

Mwenzetu hatukumwambia aache. Anajua matematika kutupita sote. Tulimwambia paka hivi: daktari kwanza, maulizo ya pili, parsele ya mwisho. Mama yake na wadogo zake wanne wanalala pale. Alikwenda kuongea na baba yake, na juma hili wanaandika barua ya kwanza kwa chuo.