Kompyuta Ijisimamiayo, na Anayeiandikia Kielelezo

Katika wilaya kama Newala, iliyokaa juu ya uwanda wa Makonde usio na mto wala kijito, kompyuta za hospitali, za halmashauri na za vyama vya ushirika vya korosho zimeongezeka upesi kuliko mafundi wa kuzitunza, hata aghalabu mtu mmoja hukabidhiwa dhamana ya mashine zilizotawanyika masafa marefu, na ikiwa mashine iliyokwama iko Kitangari ilhali yeye yuko Masasi, wenye haja hawana budi kumngoja. Kwa hiyo ile fikra ya kompyuta kujisimamia zenyewe, ambayo wengi huidhania kuwa ni anasa ya mataifa tajiri, naiona ina maana zaidi huku kwetu kuliko huko ilikozaliwa, kwani huko mafundi si adimu kiasi hiki.

Fikra hiyo ilitangazwa kwa sauti kubwa mwezi wa Oktoba 2001 na Paul Horn, mkuu wa utafiti wa kampuni ya IBM, alipoonya kwamba mifumo ya kompyuta ilikuwa ikitatizana kupita kadiri ya binadamu kuimudu, akashauri iigwe ile sehemu ya mishipa ya fahamu iendeshayo moyo na pumzi pasipo mwenye mwili kuamrisha. Mnamo Januari 2003 Jeffrey Kephart na David Chess wa kampuni hiyohiyo wakalifafanua jambo lenyewe: mfumo ujipange, ujiponye, ujitengenezee ufanisi na ujilinde, nao utazifanya kazi hizo kwa kuchungua, kupambanua, kupanga na kutenda, ukirejea kila mara kwenye maarifa uliyowekewa. Hayo maarifa ndiyo yaitwayo kielelezo, na ndiyo roho ya shani yote hii. Mengine ni utumishi.

Kielelezo si orodha ya amri. Fundi wa zamani aliiandikia mashine afanyavyo mpishi kwa mwanagenzi wake, fanya hili kisha lile, na hatua moja ikienda kombo zilizofuata zote ziliharibika. Fundi wa sasa huandika hali anayoitaka, kwamba programu fulani iwe inafanya kazi, faili fulani lisomwe na fulani pekee, nakala ya kumbukumbu iwe imehifadhiwa kila usiku, kisha huiachia mashine ilinganishe hali iliyopo na hali itakiwayo na kuondoa tofauti.

Aliyeitangulia IBM katika njia hii ni Mark Burgess, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambaye mwaka 1993 alitunga programu aliyoiita CFEngine. Programu hiyo hukaa ndani ya kila kompyuta, ikasoma kielelezo na kurekebisha palipopotoka tu, hata ikiendeshwa tena na tena, mara ya kwanza itatengeneza na mara zote zifuatazo haitagusa kitu maadamu hakuna kilichobadilika. Baadaye Burgess aliongeza nadharia ya ahadi, isemayo kwamba hakuna sehemu ya mfumo iwezayo kuahidi kwa niaba ya nyingine. Kila moja huahidi mwenendo wake yenyewe basi. Kwa mahali palipo mbali na makao makuu, nadharia hii si falsafa tupu: kompyuta ya Newala iliyobeba kielelezo chake haingoji amri ya Dar es Salaam ili ijitengeneze.

Ushahidi wa faida hiyo, ingawa si wa kompyuta kamili, umetundikwa katika kuta za nyumba zetu. Mita ya umeme ya LUKU hupokea tarakimu 20 za mnunuzi na kuzihakiki kwa ufunguo uliofungiwa ndani yake, bila ya kuuliza popote. Ndiyo maana Mei 2021, mfumo wa kuuzia umeme ulipokwama kwa siku kadhaa nchini, mita zenyewe hazikupotewa na akili, na aliyebakiwa na uniti aliendelea kuwasha taa. Dhiki ilimkumba aliyekuwa na haja ya kununua, yaani mahali pale ambapo kila kitu kilitegemea kitovu kimoja.

Lakini mashine itiiyo kielelezo hutii na makosa yaliyomo. Tarehe 4 Oktoba 2021 amri moja ya matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa Facebook, na seva zinazowaonyesha walimwengu njia ya kuifikia, zilipoona haziwezi kuzungumza na vituo vyao vikuu, zikahukumu kwamba zenyewe ni mbovu na zikajiondoa barabarani, sawasawa na zilivyoagizwa. WhatsApp, iliyo mali ya kampuni hiyohiyo, ikanyamaza dunia nzima kwa takriban saa sita. Hakuna seva iliyoasi. Mwandishi wa kielelezo hakuwa amepambanua baina ya ugonjwa wa seva na ugonjwa wa njia.

Huku kusini upambanuzi huo ni faradhi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ya nchi ilidhoofika mno; na kielelezo kilichoandikwa na mtu ambaye hajapata kukosa umeme wala mtandao kingeweza kuona kompyuta nzima za Makote, wilayani Newala, zimekufa kwa pamoja, kikaanza kuzihamisha kazi za kompyuta hizo kwingine. Vivyo hivyo kielelezo hakina budi kuujua msimu: tangu mwaka 2024 minada ya korosho hupitia mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, na wingi wa kazi wa Oktoba na Novemba, ambao mgeni angeudhania shambulio, kwetu ni mavuno.

Waliotunga Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu uliotolewa na Google mwaka 2014, waliutia upambanuzi wa ugonjwa wa mashine na ugonjwa wa njia ndani ya kielelezo chenyewe: katika mpangilio wake wa kawaida, mashine za eneo moja zikionekana mbovu kwa asilimia 55 au zaidi, mfumo hupunguza kasi ya kuzihamisha kazi, na maeneo yote yakionekana yameanguka kwa mpigo mmoja, huchukulia kwamba kilichokatika ni njia, ukaacha kuhamisha chochote. Kizingiti cha namna hiyo fundi wa Newala aweza kukiandika kwa mistari michache, akiongeza chini yake nambari ya simu ya mtu aliyeko kwenye kituo, ambaye atatazama kama taa za mashine zinawaka.