Jirani anapokula mpaka

Ugomvi wa mpaka na ugomvi wa umiliki ni mambo mawili, na anayeyachanganya hupoteza muda, pengine na shamba pia. Katika ugomvi wa umiliki, watu wawili wanadai kipande kilekile, kila mmoja akisema chote ni chake. Katika ugomvi wa mpaka, kila mmoja anakubali kwamba mwenzake ana shamba pale. Wanachobishania ni mstari unaotenganisha mashamba hayo. Makala haya yanahusu ugomvi huu wa pili katika vijiji vya Tanzania, ambako ardhi nyingi inamilikiwa kimila na mara nyingi mstari huo haujawahi kupimwa na mpima ardhi.

Tuanze na jinsi mstari wenyewe ulivyopatikana. Mashamba mengi yaligawiwa kwa miguu. Kwa hesabu ya kijijini, ekari moja ni hatua 70 kwa 70. Kwa hesabu ya vitabuni, ekari ni mita za mraba 4,047 hivi, yaani mraba wenye upande wa karibu mita 64. Hesabu hizi mbili zinakutana pale tu kila hatua inapokuwa na urefu wa sentimita 91. Mtu mrefu mwenye hatua ya mita moja atakata mita za mraba 4,900. Mwenye hatua ya sentimita 80 atakata 3,136. Wote wawili watasema, kwa nia safi kabisa, kwamba wamepima ekari. Kwa hiyo mtu anayefika barazani akisema, "Baba aliniachia ekari mbili, sasa nina moja na nusu," hajathibitisha bado kwamba jirani amemwingilia. Ukubwa unaotajwa hauonyeshi mstari ulipo. Kinachouonyesha ni alama zilizowekwa siku ya ugawaji, pamoja na watu waliokuwapo zilipowekwa.

Alama hizo zinatofautiana kwa ubora. Kilimanjaro, mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, huoteshwa masale, mmea ambao Wachaga huutumia pia kuombea msamaha. Kuung'oa mpakani ni kosa zito hata mbele ya wazee wasiojua kifungu chochote cha sheria. Kwingine huoteshwa minyaa, mbono au mkonge, ama huachwa mti mkubwa, kichuguu au safu ya mawe. Alama nzuri ina sifa mbili: haihami yenyewe, na ikihamishwa inaacha ushahidi. Mti wa miaka 40 unazo zote mbili, kwa kuwa hauwezi kuhamishwa usiku na kisiki chake hubaki kikisema. Minyaa huzifikia nusu tu, maana kitawi kilichokatwa na kuchomekwa pengine huota. Hata hivyo unene wa mashina humwambia mtu mzoefu safu ipi ni ya zamani na ipi imepandwa juzi. Kijito ni alama dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Mvua kubwa moja yaweza kukihamisha, na kila upande ukabaki ukiapa kwamba mpaka ni kijito, mmoja akimaanisha cha zamani na mwingine cha sasa.

Mstari husogezwaje? Si mara zote kwa hila, na jambo hili lapaswa kuzingatiwa kabla hujamwita mtu mvamizi. Dereva wa trekta la kukodi hajui mpaka wa mtu; hugeuza pale panapomfaa na kuchukua mkondo mmoja wa ng'ambo. Kwenye miteremko kama ya Lushoto na Uluguru, anayelima chini huchimba kitako cha kingo ili apate udongo laini, kingo hubomoka, na mwaka unaofuata ukingo mpya uko juu kidogo ya ule wa awali. Hakuna aliyekula njama, lakini mstari umepanda mlima.

Wapo pia wanaokusudia, nao huenda polepole. Tuchukue shamba la ekari moja lenye upande wa mita 64, na jirani anayesogea sentimita 30 kila msimu, upana wa jembe moja na nusu hivi. Msimu wa kwanza amechukua mita za mraba 19. Nani atakwenda kwa mtendaji wa kijiji kwa ajili ya hizo? Baada ya misimu 12 amesogea mita 3.6 na kuchukua mita za mraba 230, zaidi ya asilimia tano ya shamba lote. Kwa familia inayokula kutoka ekari moja, hayo si madogo. Sasa ndipo mwenye shamba anaanza kulalamika, na mashahidi wake wawili wamekwisha kufariki.

Hapo ndipo muda unapoingia katika sheria. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi, kuanzia pale alipoondolewa katika milki yake. Wengi wameisikia namba hiyo, na wengi wanaielewa vibaya. Kukaa miaka 12 peke yake hakumpi mtu ardhi. Mahakama hutaka ukaaji uwe wa wazi, usiokatizwa, na usiotokana na ruhusa ya mwenye mali. Jirani uliyemwazima ukanda alime mihogo hajitengenezei haki dhidi yako kwa kuhesabu miaka. Tatizo ni kuthibitisha ruhusa iliyotolewa kwa mdomo, njiani, miaka 15 iliyopita. Karatasi ya mistari mitatu yenye tarehe na saini mbili ingetosha kabisa. Kwa jirani anayesogea kidogo kidogo kuna ugumu mwingine: kila ukanda una hesabu yake ya miaka. Aliochukua mwanzo unaweza kuwa umefika ukomo na wa mwaka jana bado kabisa, lakini nani atakayeonyesha ulipoishia mmoja na kuanza mwingine?

Ngazi za kupandisha lalamiko zinajulikana, ila zimebadilika na si wote waliopata habari. Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni usuluhishi, yaani kuwasaidia wagomvi wafikie makubaliano yao wenyewe. Halimpi mtu ushindi. Baraza la Kata lilikuwa na uwezo wa kuamua mashauri madogo ya ardhi hadi mwaka 2021, sheria ilipoliondolea uwezo huo na kuliachia usuluhishi tu. Kabla shauri halijapokelewa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, inahitajika hati ya Baraza la Kata inayosema kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda mbele bila hati hiyo. Na kama shamba ni la marehemu, anayeshtaki kwa niaba ya mirathi ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa wa kiume hashiki nafasi hiyo kwa sababu ya ukubwa wake.

Ukifika wilayani, kanuni zinataka maombi yaieleze ardhi inayobishaniwa kiasi cha kuitambua na kuitofautisha na nyingine. Kwa shamba lisilopimwa, maana yake ni kutaja limepakana na nani mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, alama zipi zipo, na ukanda unaodaiwa una urefu na upana gani. Wapo waliofutiwa mashauri kwa kuandika tu "shamba langu lililopo kijijini". Inauma, kwa kuwa kasoro hiyo haina uhusiano wowote na nani mwenye haki.

Wengine hukimbilia polisi. Kuingia kwa jinai ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kung'oa alama za mpaka kwa nia ya kudanganya ni kosa pia. Lakini Mahakama Kuu imesema kwa miongo kadhaa kwamba mahakama ya jinai si mahali pa kuamua ardhi ni ya nani. Jirani akisema kwa uaminifu kwamba anaamini ukanda ule ni wake, kesi ya jinai hukwama hadi swali la haki liamuliwe kwingine. Hatari kubwa zaidi ni kujichukulia hatua: kufyeka mahindi yake, kung'oa uzio wake. Aliyekuwa mlalamikaji asubuhi huwa mshtakiwa wa kuharibu mali jioni.

Je, hati ya hakimiliki ya kimila inamaliza haya yote? Inasaidia sana, ila kwa sababu tofauti na wengi wanavyofikiri. Katika upimaji wa vijijini, pembe za shamba huweza kuchukuliwa kwa simu au kifaa cha mkononi kinachopokea ishara za setilaiti, na vifaa vya kawaida vya aina hiyo hukosea kwa mita kadhaa, zaidi vikiwa chini ya migomba au miti mikubwa. Ugomvi wa mfano wetu wa misimu 12 ulikuwa wa mita 3.6. Ramani yenye kosa la mita nne haiwezi kuuamua. Nguvu ya zoezi lile iko katika siku yenyewe ya uhakiki, ambapo majirani wa pande zote huitwa, hutembea mpakani, huonyeshana mstari na kutia saini mbele ya kamati. Mashahidi wamepatikana, na kumbukumbu yao imeandikwa wakiwa hai.

Kwa hiyo naona kwamba wenye mashamba wengi huweka tegemeo lao pasipostahili. Wanategemea uzio, hati na askari, ambavyo vyote huja mstari ukiwa umekwisha kupotea au haviuoni kwa usahihi unaotakiwa. Kinacholinda mpaka ni watu wanaoujua na kukubali hadharani kwamba wanaujua, na ujuzi huo husahaulika usipofanywa upya. Kumwambia jirani mapema kuhusu sentimita 30 si uchoyo. Ni jambo jepesi kwenu nyote wawili kuliko kumshtaki kwa mita nne.

Basi kabla ya mvua zijazo, mwite jirani yako, mwenyekiti wa kitongoji na mzee mmoja anayekumbuka. Tembeeni mpakani na vijana wenu. Pandeni pamoja penye pengo, pimeni kwa futikamba kutoka kwenye mti au mwamba usiohama, andikeni mlichokubaliana katika nakala tatu, mtie saini, na moja ibaki katika ofisi ya kijiji. Akikataa kuja, andika tarehe uliyomwita na umpelekee mtendaji barua wiki hiyohiyo.