PageMaker: kweli, si kweli na nusu kweli

Mafundi wa matbaa wa umri wangu wakikutana kwenye kahawa, haipiti saa kabla mmoja wao hajaitaja PageMaker, na ubishi unaanzia hapo. Kila mtu ana lake. Nimeyasikia mengi, nikaona niyachambue moja moja.

"Ndiyo iliyokuwa programu ya kwanza ya kupanga kurasa."

Si kweli. PageMaker ilitoka Julai 1985, wakati Macintosh tayari ilikuwa na MacPublisher ya mwaka 1984. Tangu 1981 Xerox nayo ilikuwa ikiuza kompyuta iitwayo Star, iliyoonyesha ukurasa kwenye skrini vilevile utakavyotoka kwenye karatasi, ila kwa bei ya mashirika makubwa, si ya mwenye kiduka cha kuchapa kadi za harusi. Sifa ya Paul Brainerd, mwasisi wa kampuni ya Aldus ya Seattle, ni kwamba ndiye aliyeipa kazi hiyo jina la uchapishaji wa mezani, na jina likashika. Na Aldus si jina la mkubwa yeyote wa kampuni hiyo. Ni la Aldus Manutius, mchapaji wa Venice aliyefariki 1515, aliyetoa vitabu vidogo vya kubebeka mkononi.

"Ilipanda kwa nguvu zake yenyewe."

Si kweli, na hapa ndipo penye utamu. Toleo la kwanza liliuzwa dola 495, lakini peke yake lilikuwa cherehani bila sindano. Ukurasa upendeze kwenye skrini halafu utolewe na printa ya kugonga utepe, faida iko wapi? Mwaka huohuo Apple ilitoa LaserWriter, printa ya leza ya dola 6,995, iliyochapa nukta 300 kwa inchi. Ndani yake mlikuwa na PostScript, lugha ya kuielezea mashine sura ya ukurasa, kazi ya kampuni changa ya John Warnock na Charles Geschke iitwayo Adobe. Kompyuta ilituma maelezo tu. Kuchora kila herufi ilikuwa kazi ya printa. Ndiyo maana prosesa ya printa ilikwenda kwa megahezi 12 na ya Macintosh kwa 8 hivi. Mtumwa alikuwa na nguvu kuliko bwana!

Bei ilipunguziwa makali na waya: printa moja iliweza kuhudumia kompyuta kadhaa. Tena mitambo mikubwa ya kupanga herufi ya Linotype nayo ilifundishwa PostScript, basi ukurasa uliojaribiwa ofisini ulitolewa mle kwa nukta 1,270 kwa inchi, au zaidi, bila mtu kuupanga upya. Anayeisimulia PageMaker bila kuitaja printa anasimulia harusi bila bibi harusi.

"Iliiga meza ya fundi."

Kweli tupu. Brainerd alitokea Atex, waliotengeneza mitambo ya kompyuta kwa ajili ya magazeti, kwa hiyo aliijua meza ya mpanga kurasa: safu za maandishi zilizokatwa kwa wembe, nta mgongoni, rula ya chuma kando. Programu yake iliuweka ukurasa katikati na meza tupu kuuzunguka. Picha uliyokuwa hujaipatia mahali uliiburuta pembeni. Ukienda ukurasa wa saba uliikuta palepale mezani, inakungoja. Ukibofya maandishi, juu na chini yalitokea mapazia mawili ya kukunja, kila moja na kipete chake. Katika matoleo ya miaka ya tisini, pembetatu nyekundu kwenye kipete cha chini ilimaanisha kuna maneno yamebaki ndani. Unaibofya, kipanya kinayabeba yote, unayamimina safu nyingine. Mzee mmoja aliyekuwa hawezi hata kuandika barua kwa kompyuta alinifundisha hilo kwa dakika tano.

"QuarkXPress ndiyo iliyoiua."

Nusu kweli. Quark ya Denver ilikuja 1987 na tabia za mhasibu: chora kisanduku kwanza, kipe vipimo kwa namba, ndipo utie maandishi. Ilikera. Lakini jarida la kila wiki lenye kurasa nyingi za rangi halipangwi kwa jicho, na kutenganisha rangi Quark ilifanya yenyewe, wakati PageMaker ilitegemea programu ya pembeni hadi toleo la 5 mwaka 1993. Majarida makubwa ya Marekani na Ulaya yakahama. Shule, makanisa na ofisi za kawaida hazikuhama. PageMaker ilikuwa kwenye Windows tangu mapema, tena diski zake za kwanza zilibeba kipande cha Windows kwa wasiokuwa nayo.

"Adobe iliinunua Aldus ili kuizika PageMaker."

Sikubali. Ununuzi ulikuwa 1994, na baada yake yakatoka matoleo ya 6.0, 6.5 na 7.0, hili la mwisho mwaka 2001. Mtu hamvishi maiti nguo mpya mara tatu. Shida ilikuwa mifupa: msimbo wa 1985 ulishaongezwa vyumba kama nyumba ya urithi, kila mjukuu na ukuta wake. Wahandisi wa Aldus wenyewe walikuwa wameshaanza kuandika programu nyingine kabla ya kununuliwa. Hiyo ilitoka 1999 kwa jina la InDesign. Mwaka 2004 Adobe iliacha kuiendeleza PageMaker. Na Quark, iliyochelewa kuingia Mac OS X hadi 2003, nayo ikaanza kuachwa nyuma.

"Faili za zamani zitafunguka tu."

Si kweli. Baada ya toleo la CS6, InDesign haizisomi. Mwaka juzi mteja aliniletea kitabu cha marehemu baba yake, faili la 6.5, akitaka nakala mpya. Ikabidi niiamshe kompyuta niliyokuwa nimeifunika kitambaa chini ya meza. Faili likafunguka, ila fonti ya awali haikuwepo. Programu ikaniuliza niweke ipi badala yake. Nikachagua iliyokaribia. Ilikuwa pana kidogo, maandishi yakafurika, na chini ya safu ya mwisho ikajitokeza pembetatu nyekundu. Nikaibofya.