Mgeni aliyekuja harusini peke yake

Unapoandaa harusi ya mwanao, hesabu yako ya kwanza ni ya chakula: watu wangapi, mbuzi wangapi, mchele magunia mangapi. Leo tunakuomba ufanye hesabu ya pili ambayo wengi wetu huisahau. Katika hao uliowaalika, ni wangapi watakuja peke yao?

Utauliza, jambo hili limeingiaje katika ukurasa wa afya? Limeingia kwa sababu upweke ni maradhi ya mwili pia. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti Juni 2025 likasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Unatajwa pamoja na kiharusi, moyo, kisukari na sonona. Na sisi tulioacha ndugu zetu Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa tunajua kuwa upweke unauma zaidi pale ambapo wenzio wote wanacheka.

Tuchukue mfano wa harusi ya Dima wa Tayyin, wilaya ya milimani katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, hapa Oman. Jamaa zetu wengi waliorudi kutoka Zanzibar baada ya 1964, na zaidi baada ya 1970, wana asili ya mkoa huu, kwa hiyo mialiko ya huko tunaipata. Kule usitegemee meza zenye kadi za majina kama harusi za London. Wanaume hukaa kwenye mazulia, katika sabla au hemani, wakizunguka sinia moja watu watano au sita. Wanawake wana upande wao.

Na hapo ndipo hesabu inapokudanganya. Umeandika "Fulani na mkewe", ukahesabu wawili wanaofuatana. Wakishashuka garini wanaachana mlangoni mpaka wakati wa kurudi. Mume ataangalia razha na panga zikirushwa juu, na hata asipojua mtu atajificha katika kelele. Mke anaingia penye wanawake mia moja wanaojuana tangu utotoni. Kiarabu chake ni cha dukani. Simu nayo mara nyingi hairuhusiwi, kwa kuogopa picha, kwa hiyo hata pa kuinamisha macho hana. Hao uliodhani ni wawili kumbe ni wageni wawili wa peke yao!

Ongeza mjane, aliyeachika, binti ambaye kila mama anamuuliza "na wewe lini?", na dada aliyekuja kufanya kazi na ndugu zake wote wako Tanga. Hawa wakiona mwaliko hutafuta udhuru, na ukipokea udhuru huo mara tatu usishangae wakitoweka kabisa.

Dawa yake si ghali. Kila mgeni wa namna hii mpangie mwenyeji wake, mtu mmoja mwenye jina. Asiwe mama wa bibi harusi, huyo siku hiyo hana hata nafasi ya kunywa maji. Shangazi au binti wa jirani mchangamfu anatosha. Ampigie simu siku mbili kabla: "Bi Fulani, mimi ndiye nitakayekupokea, ukifika niulizie." Ampokee mlangoni, amwonyeshe msalani na pa kusalia, amkalishe karibu yake. Asimweke karibu na mlango, wala chini ya spika. Kama ni mgeni wa kahawa ya Kiomani amnong'oneze kuwa kikombe hutikiswa ukitosheka, la sivyo atamiminiwa mpaka asubuhi.

Sinia zikishuka, mwenyeji aketi naye kwanza, wengine ndio waje. Kumwacha mtu mzima asimame akitafuta upenyo baina ya migongo ni kumvunjia heshima.

Tahadhari moja. Usiwakusanye Waswahili wote kona moja, wala wajane wote sinia moja, ukadhani umewafanyia hisani. Watu huona na wenyewe wanajua. Bora sinia yenye mmoja anayejua Kiswahili na Kiarabu, mgeni wako, na wenyeji watatu au wanne.

Mwenyeji aulize pia, kwa siri, habari ya kisukari. Chakula cha harusi huchelewa, na anayetumia sindano ya insulini au baadhi ya vidonge sukari yake inaweza kushuka. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, aliye na jamaa zake ataonekana mara moja. Aliye peke yake watasema ni joto. Kama anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya juisi au maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari. Ngoja dakika 15, rudia kama hajapata nafuu, kisha ale. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni, piga 9999.

Liko na suala la kurudi. Usimwache mgeni aendeshe peke yake usiku kurudi Muscat kwa njia za milimani, tena akiwa na usingizi, na wadi ikishuka maji asivuke hata akiona wengine wanavuka. Mtafutie nafasi katika gari la watu wanaoelekea kwake, au mtandikie alale. Liseme hili katika simu ile ile ya siku mbili kabla, kwa sababu wengi wanaokataa mwaliko wanaogopa njia na wanaona haya kusema.

Karatasi yako ya mchele na mbuzi basi iongezee safu moja: jina la mgeni, na mbele yake jina la mwenyeji. Mwenyeji asipewe zaidi ya wageni wawili. Wa tatu atamsahau.