Udhaifu wa Kusimba Mara Mbili

Aghalabu mtu aliyekabidhiwa amana ya siri za watu, awe karani wa benki au mtunza daftari za hospitali, hudhani ya kuwa maandishi yaliyokwisha kusimbwa kwa ufunguo mmoja, yakisimbwa tena kwa ufunguo wa pili, hupata hifadhi isiyo kifani. Na dhana hiyo, ijapokuwa yaonekana ya busara, ilibatilishwa zamani na wataalamu waliouchunguza mfumo wa kusimba uitwao DES, uliofanywa kanuni rasmi ya serikali ya Marekani mwaka 1977.

Ufunguo wa DES una biti 56, yaani funguo zote ziwezekanazo zapata trilioni 72,000. Hata hivyo, mwaka 1998 mashine ya taasisi ya Electronic Frontier Foundation iliupata ufunguo uliofichwa kwa muda wa saa 56 tu. Kwa hesabu ya juujuu, funguo mbili zingefanya biti 112, ambazo hapana mashine ya kuzimaliza. Walakini Whitfield Diffie na Martin Hellman walikwisha kubainisha, mwaka ule ule wa 1977, hila ya ajabu: adui aliyepata kipande cha maandishi ya wazi pamoja na umbo lake lililosimbwa hukisimba kile cha wazi kwa kila ufunguo na kuyaweka majibu katika orodha, kisha hulishika lile umbo la mwisho akalisimbua kwa kila ufunguo, hata majibu ya pande mbili yakutane katikati. Kwa hila hiyo taabu ya ufunguo wa pili haizidishwi kwa taabu ya ule wa kwanza, bali hujumlishwa nayo, ingawa orodha yenyewe yataka ghala kubwa mno la kumbukumbu.

Ndiyo sababu mabenki yakashika kusimba mara tatu. Na hata hapo funguo tatu zenye jumla ya biti 168 zatoa nguvu ya biti 112 tu, kwa hila ile ile. Mfumo mwingine wa kusimba, uitwao AES, uliobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kuidhinishwa mwaka 2001, ni bora kwa yakini, kwani mizunguko yake 10 hadi 14 ya kusimba ilipangwa pamoja tangu mwanzo.

Basi msomaji, ukiletewa programu inayosifiwa kwa wingi wa matabaka, uliza kwanza jina la mfumo wake na mahali zinapowekwa funguo.