Mupe mwenzako asome kwanza

Umeandika hadithi ya mauaji katika kaye yako? Usiharakishe kuipeleka kwa wachapaji. Wewe unajua tayari mwuaji ni nani. Huwezi tena kuisoma sawa mgeni.

Mama Agatha Christie wa Uingereza aliandika hadithi yake ya kwanza ya upelelezi mwaka 1916, wakati alitumika katika farmasi ya hospitali huko Torquay. Wachapaji kadhaa waliikataa. John Lane aliikubali, lakini aliomba mwisho ugeuzwe: mpelelezi Poirot alifumbua mambo yote mbele ya tribinali, na hapo haikusadikika. Mama akaandika upya: Poirot akawaelezea watu nyumbani, wamekusanyika. Kitabu kilitoka mwaka 1920.

Basi, umpe bibi yako ao rafiki wa kazini asome. Usimwambie kitu. Akimaliza, umuulize: Ulimtambua mwuaji kwenye ukurasa gani? Wapi ulichoka? Wapi hukusadiki? Mmoja akilalamika, ufikiri. Watatu wakikwama mahali pamoja, utengeneze. Wao wanaonyesha panapouma. Dawa utaitafuta wewe mwenyewe.