Barabara Imekatika, Watu Wamezingirwa

Katika khabari za mafuriko ya Mto Tana ziandikwazo kwa Kiingereza, hususan zile za Novemba 2023, maji yalipoifunika lami ya barabara ya Garsen na Lamu huko Gamba na Lango la Simba hata magari ya Lamu yakakosa pa kupita, maneno mawili hayakosekani, nayo ni “cut off”. Na kwa kuwa hutumika kwa barabara, vijiji, umeme na watu bila ya kubagua, mwanafunzi wa Garsen aliyeamriwa kuyafasiri aghalabu huandika kwamba wanakijiji wamekatwa, jambo ambalo masikioni mwa Mswahili ni khabari ya panga na damu.

“Cut” ni kukata, hilo halina shaka. Lakini kineno “off” kikiisha kuandamana na kitenzi hicho, huingia maana ya utengano, na lugha yetu kazi hiyo huitimiza kwa kukinyambua kitenzi chenyewe au kwa kutafuta kingine kabisa. Barabara hukatika, mazungumzo hukatizwa, umeme hukatwa na mwenye mamlaka, ama hukatika wenyewe nguzo iangukapo, aliyezungukwa na maji amezingirwa, na aliyeondolewa katika ushirika wa wenziwe ametengwa.

Mto nao hukata. Tana, ambao mwendo wake ni kilomita zipatazo 1,000 hadi baharini Kipini, ukifika tambarare hujipinda huku na huku, na gharika ikizidi huupasua ukingo ulio baina ya mapindo, ukajifanyia njia ya mkato na kuliacha pindo la kale likiwa ziwa, kama Shakababo karibu na Ngao. Na wanajiografia wa Kiingereza hapo pia hutumia maneno yale yale.

Linalonisikitisha ni kwamba “cut off” haimlazimishi msemaji kutaja ni nani ametengana na nani, hata msomaji wa Nairobi akadhani ya kuwa maisha ya Garsen yamesimama, ilhali wakati huo huo mpiga upondo, amesimama tezini, maji ya rangi ya udongo yakikaribia ukingo wa mtumbwi, anavusha magunia ya unga yaliyofunikwa turubai na mama mwenye mtoto wa homa. Kwa hiyo nawasihi waalimu wamuulize mwanafunzi, kabla hajashika kalamu, ni kitu gani kilichokatika, na baina ya wapi na wapi; naye ataandika: barabara ya Garsen na Lamu imekatika Gamba, watu wamezingirwa na maji, na wagonjwa wanavushwa kwa mitumbwi.